Tairi la Tano

Mwepu alikuja saa mbili asubuhi na spana namba kumi na tisa,
mfukoni nati mbili. Ya tatu hatukuwa nayo.
Shevrole ya baba ilikuwa uani, pua imeugusa ukuta,
kijani chake kimebaki palipo na kivuli tu,
chini ya vitasa, nyuma ya kioo,
na vumbi jekundu la Kamalondo limejaza kila mshono.

Ubavuni kushoto, nyuma ya mlango wa dereva,
bati la mudigadi limebonyea.
Wapita njia hudhani iligongwa.
Hapana. Walioitengeneza waliibonyeza makusudi,
wakaacha bonde tairi la tano lipate pa kulala.
Miaka thelathini na mmoja bonde lile tupu:
mvua ikilipita, kiangazi kikilimwagia maua ya jakaranda,
na mwaka mmoja kuku akataga humo.

Tairi lenyewe tulijua lilipo.
Lilikuwa jikoni. Mama alilikalia.

Tangu mishahara ya kiwanda iliponyamaza,
baba akauza betri, kisha rejeta, kisha taa zote mbili,
na alipolifikia tairi, mama akalivingirisha ndani,
akalilaza sakafuni, akatandika gunia, akaketi.
"Hili halina bei," akasema, akaendelea kuchambua sombe.
Juu yake alitwanga, alinyonyesha wawili wa mwisho,
alingoja matokeo ya mtihani wa Kisimba,
alipokea habari za baba akiwa ameketi,
ndiyo maana hakuanguka.

Sasa nimepata betri. Nimepata rejeta ya gari jingine,
imekubali kwa nyundo.
Lakini njia ya Likasi haiendwi bila spea.
Nikasimama mlangoni, nikakohoa.
"Na mimi nikae wapi?"
Nikamwonyesha kiti cha plastiki, cha buluu, kipya.
Akakiminya mguu kwa vidole viwili. Kikapinda.
Hakusema kitu. Akainuka kwa sehemu sehemu:
kwanza mikono, kisha goti lile baya, kisha jina la Mungu.

Kwenye saruji kukabaki duara.

Shavu moja la raba liling'aa, herufi za kiwanda zimefutika
kwa kukaliwa. Meno yote mazima,
hayajawahi kuuma barabara.
Kwado wa kona akalijaza upepo, akapaka valvu mate,
akasikiliza. "Halivuji," akasema, akashangaa,
akatutoza na mshangao.

Kulipandisha si kazi ya mtu mmoja.
Mwepu alilikumbatia, mimi nikasukuma kwa goti,
matundu ya rimu yakizitafuta boliti, yakizikosa.
Kushoto kidogo. Inua.
Si hivyo. Inua, nimesema!
Halafu, tok.
Likaingia bondeni likatulia,
na gari zima likashuka kidogo upande ule.

Nati ya kwanza. Nati ya pili.
"Ya tatu tufunge waya," Mwepu akasema.
"Waya?"
Mama alikuwa nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi.
Akafungua fundo la kitenge, pale anapoficha noti,
akatoa nati, imepakwa mawese, haina hata doa la kutu.
Hakueleza. Hatukuuliza.
Mwepu aliizungusha kwa vidole karibu mpaka mwisho,
spana akaigusisha tu, kwa heshima.

Kiti cha buluu kiko jikoni, kinabeba ndoo.
Kila asubuhi kabla sijawasha moto
mama hutoka na beseni lake la sombe,
hulipiga tairi kofi moja,
kisha huketi kwenye ubao wa kupandia garini,
bega lake limeegemea raba.
Likasi wananilaumu, mizigo inachelewa.
Nawaambia ni injini.
Ninamngoja amalize majani.